Kaseti ya gia 8 au 9 mahali palipokuwa na friwili ya gia 7: je, habu zinapatana?

MsafiriWaPongwe

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za leo kwa wote.

Naishi Pongwe, na siku za soko hushuka Tanga mjini nikiwa na machungwa au nazi kwenye keria. Baiskeli yangu ni ya milima, iliyotumika, iliyoingia nchini kwa kontena kutoka Japani. Fremu yake ni ya chuma, magurudumu ni ya inchi 26, na nyuma ina gia 7. Ekseli ya nyuma imepinda tena, na safari hii koni (kipande cha kwenye ekseli kinachobana gololi) ya upande wa mnyororo nayo imelika, kwa hiyo nimeamua kubadilisha gurudumu zima badala ya kuendelea kununua ekseli.

Muuzaji mmoja wa spea pale Ngamiani ana gurudumu la nyuma ambalo anasema ni la kaseti, ingawa kwa sasa halina gia yoyote juu yake. Ana pia kaseti mbili, moja ya gia 8 na nyingine ya gia 9, na ananishauri nichukue ya gia 9 kwa sababu ni ya kisasa zaidi. Friwili yangu ya zamani bado ni nzima. Ninachotaka kufahamu ni kama friwili hiyo inaweza kufungwa kwenye gurudumu hilo, na kama haiwezi, ni kaseti ipi kati ya hizo mbili itakayokubaliana na mkono wangu wa gia, ambao ni wa kubofya na una hatua 7. Nafasi kati ya masikio ya nyuma ya fremu, yaani pale ekseli inapofungwa, nimeipima kwa rula nikapata milimita 130, wakati gurudumu la muuzaji linasemekana kuwa la milimita 135. Breki zangu ni za mpira zinazobana rimu.

Naomba msaada kabla sijatoa fedha.

FundiNgamiani

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Pongwe. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua, maana watu wengi huja kwangu wakiwa tayari wamebeba kaseti mkononi, na idadi ya gia iliyoandikwa kwenye pakiti haisemi lolote kuhusu habu, yaani kitovu cha gurudumu, itakayoipokea.

Friwili yako haiwezi kuingia kwenye gurudumu hilo, wala kaseti haiwezi kuingia kwenye habu yako ya zamani. Friwili ni kitu kimoja kamili: sproketi (magurudumu ya meno) zote pamoja na vile vikucha vyenye springi vinavyotoa mlio unapoacha kukanyaga vimo ndani yake, nayo hukazwa kwenye habu kwa hesi ya kipenyo cha inchi 1.37, yenye mizunguko 24 kwa kila inchi. Kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyojikaza. Kaseti ni sproketi tupu. Vikucha vyake vimebaki kwenye habu, ndani ya kipande cha chuma chenye mifereji kiitwacho frihabu, na kaseti huvalishwa juu ya mifereji hiyo kisha ikabanwa kwa nati mwishoni. Ukikutana na fundi anayejitolea kuchomelea kimoja juu ya kingine, mkatalie kwa heshima na uondoke, kwa sababu moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma mahali palepale vikucha vinaposhikia.

Ili uwe na uhakika kwamba gurudumu la zamani lina friwili, litoe kwenye baiskeli, kisha tazama zile pengo ndogo za kuingizia ufunguo karibu na ekseli huku ukizungusha sproketi kinyumenyume. Pengo zikitulia wakati sproketi zinazunguka, hiyo ni friwili. Zikizunguka pamoja na sproketi, unachokitazama ni nati ya kaseti.

Sasa kuhusu ekseli kupinda, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo penye sababu ya kweli ya kubadilisha gurudumu. Katika habu ya friwili, gololi za upande wa mnyororo hukaa ndani ya habu yenyewe, na friwili nzima inaning'inia nje yake. Maana yake ni kwamba karibu sentimita 4 za ekseli hutokeza bila kushikwa na kitu mpaka zifike kwenye sikio la fremu, na uzito wa mzigo wako pamoja na nguvu ya mnyororo hukutana katika kipande hicho kisicho na msaada. Friwili ya gia 5 ilikuwa nyembamba, hivyo kipande hicho kilikuwa kifupi. Walipoongeza gia hadi 7, kikarefuka. Katika habu za kaseti za kampuni ya Shimano, na nyingi zinazofuata muundo wake, gololi za upande huo zimesogezwa hadi kwenye ncha ya nje ya frihabu, karibu kabisa na sikio la fremu. Ekseli yenye unene uleule inabeba mzigo uleule bila kupinda. Kwa mtu anayebeba magunia ya machungwa, hii ni sababu tosha, hata kama hataongeza gia hata moja.

Rudi kwa muuzaji ukiwa na kalipa (kifaa cha kupimia milimita) na upime urefu wa frihabu. Ile inayopokea kaseti za gia 8, 9 na 10 ina urefu wa karibu milimita 35. Ya zamani ya gia 7 ni fupi kwa karibu milimita 4.5, na ya baiskeli za barabarani za gia 11 ni ndefu zaidi kwa milimita 1.85. Kisha tazama mifereji yake. Ya kawaida, iitwayo HG, ina mifereji tisa, na mmoja kati yake una upana tofauti na mingine ili sproketi zisiweze kuvaliwa kwa mkao usio sahihi. Hesi ya nati iko upande wa ndani wa mdomo wake. Ukikuta mifereji yote tisa inalingana na hesi iko nje, basi hiyo ni ya muundo uliotangulia HG, ambao sproketi ndogo yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikaza nyingine zote. Usiinunue, kwani kaseti zake hazitengenezwi tena.

BiChumbageni

Nakubaliana na fundi, na ningependa kuongeza upande wa mkono wa gia, kwa kuwa hapo ndipo ushauri wa muuzaji unapoharibika.

Mkono wa kubofya huvuta waya kwa kipimo maalumu kila unapobofya, na kipimo hicho kimepangwa kulingana na umbali kutoka katikati ya sproketi moja hadi katikati ya inayofuata. Kwa Shimano, umbali huo ni milimita 5.0 katika gia 7, milimita 4.8 katika gia 8, na karibu milimita 4.35 katika gia 9. Sproketi zimekuwa zikisogezwa karibu zaidi kila gia ilipoongezwa, ili zitoshe kwenye nafasi ileile.

Chukua mkono wako wa gia 7. Una mibofyo sita, kwa hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho unaisogeza derela (kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine) milimita 30. Kwenye kaseti ya gia 9, hatua sita ni milimita 26 hivi. Tofauti ya karibu milimita 4 ni takriban sproketi nzima, nawe utakuwa na gia moja au mbili zinazokaa vizuri huku nyingine zote zikikwaruza au kurukaruka. Hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoliondoa tatizo hilo, na kwa mtu mwenye mzigo kwenye mwinuko, mnyororo unaoruka unaweza kumwangusha.

Kwenye kaseti ya gia 8 mambo ni tofauti. Hatua sita ni milimita 28.8, kwa hiyo tofauti yote ni milimita 1.2. Ukiiweka sawa kwenye sproketi ya katikati, kosa linagawanyika pande mbili na kubaki milimita 0.6 kila mwisho, na derela nyingi za Shimano zina kigurudumu cha juu chenye uchezaji mdogo wa kushoto na kulia ambao unatosha kuimeza tofauti hiyo. Utatumia sproketi saba kati ya nane, na ile ya nane utaifungia kwa skrubu ya derela. Kwa kuwa unabeba mizigo, fungia iliyo ndogo kabisa kwa skrubu yenye alama ya H, ubaki na ile kubwa.

Njia iliyo safi kabisa ni kutafuta kaseti ya gia 7 yenyewe. Inaingia kwenye frihabu ya milimita 35 iwapo utatanguliza washa ya milimita 4.5 nyuma ya sproketi kubwa. Washa hiyo isipokuwepo, nati ya kufungia itafika mwisho wa hesi kabla haijazibana sproketi, na kaseti itacheza hata ukiikaza kwa nguvu zako zote.

Mnyororo wa gia 7 na wa gia 8 ni mmoja. Wa gia 9 ni mwembamba zaidi, kwa hiyo ushauri wa muuzaji ungekulazimu kununua kaseti, mkono wa gia na mnyororo kwa mpigo. Derela pekee ndiyo ingebaki, kwa sababu derela za Shimano za nyuma za gia 7, 8 na 9 kwa kawaida huvutwa kwa uwiano uleule.

MkulimaMuheza

Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini naona mnamsukuma mwenzetu kwenye gharama. Friwili inapatikana kila mahali, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza na Korogwe, na fundi yeyote chini ya mwembe anaweza kuifunga. Mimi nabeba mkaa na ndizi kwa friwili ya gia moja na sijapata shida ya ekseli. Kwa nini asinunue ekseli ngumu zaidi, akafunga friwili yake, akaendelea na maisha?

FundiNgamiani

Ndugu wa Muheza, hoja yako ya upatikanaji ni ya haki, na kwa baiskeli ya gia moja uko sahihi kabisa. Friwili ya sproketi moja ni nyembamba, kwa hiyo kile kipande cha ekseli kisicho na msaada ni kifupi sana, nacho kinavumilia. Mwenzetu ana friwili ya gia 7, na urefu huo ndio unaomuumiza. Ekseli ngumu itachelewesha kupinda, lakini koni imekwisha kulika, na bakuli la gololi lililo ndani ya habu huenda nalo limeanza kuchimbika. Likifika hapo, kila koni mpya utakayoweka italika upesi kuliko iliyotangulia. Ndiyo sababu nasema abadilishe gurudumu. Friwili yake nzima aihifadhi au amuuzie mwenye kuihitaji.

Kuhusu kaseti, gia 8 si vigumu kuipata hapa mjini, kwa kuwa baiskeli nyingi za milima zinazoingia zikiwa zimetumika huja na gia 7 au 8. Ningekuwa na wasiwasi kama angetaka miundo ya karibuni, yaani XD ya kampuni ya SRAM iliyoanza 2012 au Micro Spline ya Shimano iliyoanza 2018, ambayo kila mmoja una frihabu yake na haupokei kaseti ya HG. Huko angekwama kweli.

MsafiriWaPongwe

Nawashukuru sana, na BiChumbageni, dada yangu, hesabu yako imeniokoa. Nimekwenda kwa muuzaji na kalipa ya kuazima. Frihabu ina milimita 35, mifereji ni tisa na mmoja ni mwembamba kuliko mingine, na hesi iko ndani. Ekseli kutoka nati ya ndani hadi nati ya ndani ni milimita 135 kamili. Kaseti ya gia 8 aliyonayo ni ya meno 11 hadi 34, na friwili yangu ilikuwa ya 14 hadi 28. Je, zile milimita 5 za ziada zitaidhuru fremu? Na je, meno 34 si mengi mno kwa derela yangu?

BiChumbageni

Kwa mzigo wako meno 34 ni neema. Ukiwa na sproketi ya mbele ya meno 42 na ya nyuma ya 28, kila mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza karibu mita 3.1. Ukiwa na 34 nyuma, unasogea mita 2.5 hivi, na mwinuko uliokuwa ukishuka kuusukuma utaupanda ukiwa umekaa. Meno 11 hutayahitaji, ndiyo maana nilisema uyafungie.

Suala la derela ni la kuangalia kwa macho. Derela za zamani zenye mkono mfupi mara nyingi hazikutengenezwa kuvuka meno 28. Mnyororo ukiwa kwenye sproketi kubwa ya nyuma, kigurudumu cha juu cha derela kisiguse meno. Kikigusa, jaribu kwanza kuikaza ile skrubu ndogo iliyo nyuma ya derela, karibu na sikio la fremu, ambayo huisogeza derela mbali na kaseti. Ikishindikana, tafuta derela yenye mkono mrefu kwenye baiskeli iliyokufa. Ya gia 7, 8 au 9 ya Shimano itakufaa bila kubadilisha mkono wa gia.

FundiNgamiani

Fremu ya chuma inakubali kupanuliwa kutoka 130 hadi 135, kwa sababu ni milimita 2.5 tu kila upande, na mafundi wengi huingiza gurudumu kwa kuivuta kwa mikono bila kufanya kazi nyingine. Ningependelea ipanuliwe taratibu na kwa usawa, kisha masikio yote mawili yahakikiwe kuwa yanatazamana sambamba, kwa maana sikio lililopinda nalo hupinda ekseli, na sikio la kulia ndilo linaloshika derela. Fremu ya aluminiamu isiguswe kwa namna hii kamwe, maana inaweza kupata ufa.

Kabla ya kulipa, kagua mambo mawili ambayo hayahusu gia. Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi lako. Tairi la baiskeli ya milima limeandikwa namba inayoishia na 559, lakini kontena hizohizo kutoka Japani zimejaa baiskeli za mjini za inchi 26 ambazo tairi zake zimeandikwa 590. Zote huitwa inchi 26 na haziingiliani hata kidogo. La pili ni kwamba rimu iwe na ubavu bapa wa kubanwa na mpira wa breki, kwa sababu rimu zilizotengenezwa kwa ajili ya breki za diski pekee hazina.

Wakati wa kufunga, paka grisi kidogo kwenye mifereji na kwenye hesi ya nati. Huku kwetu pwani chumvi haichagui chuma, na kaseti iliyofungwa kavu huja kugoma kutoka. Nati nyingi zimeandikwa Nm 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa hiyo kaza kwa ufunguo wake maalumu wenye meno mpaka usikie ule mlio wa kukatakata na mkono ukatae. Tafadhali usikubali patasi na nyundo, iwe wakati wa kufunga au wa kufungua. Ndani ya frihabu usitie grisi nzito. Vikucha vikigandishwa na grisi havinyanyuki kwa wakati, na pedeli itapita patupu ukiwa umeegemeza uzito wako wote juu yake. Mafuta mepesi ndiyo yanayofaa.

RasKazoneBarabarani

Naomba kuingilia kidogo kwa jambo la karibu na hili. Nina baiskeli ya mashindano ya barabarani yenye habu ya gia 11, nami nimefunga kaseti ya gia 10 ya Shimano. Nati imekazwa hadi mwisho lakini sproketi zinacheza, kama alivyoeleza dada hapo juu. Je, habu ni mbovu?

FundiNgamiani

Habu ni nzima, mkuu. Frihabu ya gia 11 ya barabarani ni ndefu kwa milimita 1.85, hivyo kaseti za gia 8, 9 na 10 zinahitaji washa ya kipimo hicho nyuma yake. Zaidi ya hapo, kaseti nyingi za gia 10 za barabarani zina washa yao nyingine ya milimita 1 ambayo huja ndani ya boksi na mara nyingi hupotea. Weka zote mbili, jumla milimita 2.85, na mchezo utakwisha. Usipozipata, fundi wa mashine ya lethi anaweza kukuchongea duara la aluminiamu la unene huo, lenye tundu la kupita juu ya frihabu bila kulegea sana. Halihitaji kuwa na mifereji.

MsafiriWaPongwe

Tairi langu limeandikwa 50-559 na rimu ya gurudumu lile ina ubavu wa breki. Nimechukua gurudumu pamoja na kaseti ya gia 8. Swali la mwisho: mnyororo wangu wa sasa niuendeleze au ninunue mpya?

FundiNgamiani

Upime kwanza. Uvute unyooke, weka alama ya sifuri ya rula ya inchi katikati ya pini moja, kisha tazama pini iliyo kwenye inchi 12. Ukiwa mzima, katikati ya pini hiyo itakuwa juu ya mstari wa 12 hasa. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mwingine leo. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, umekwisha kula meno ya friwili ya zamani, na ukiufunga kwenye kaseti mpya utayala nayo.

Ukinunua mpya, usiukate kwa kulinganisha na wa zamani, kwa sababu sasa una meno 34 nyuma badala ya 28. Uzungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye derela, ulete ncha zikutane, kisha ongeza inchi moja, yaani kipande kimoja cha nje na kimoja cha ndani, ndipo ukate.